Ndege wa mafunjo: kwa nini unawasikia lakini huwaoni

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi karibu na Kisumu, si mbali na kinamasi cha mafunjo cha Dunga kando ya Ziwa Victoria, ameniandikia. Nafupisha barua yake: "Nimekwenda Dunga mara nne kumtafuta gonoleki wa mafunjo. Tunapanda boti saa nne asubuhi, tunazunguka kando ya mafunjo mpaka saa sita. Nahodha ananiambia 'huyo analia', na kweli namsikia, ila simwoni. Siku moja niliona ndege mweusi mwenye kifua chekundu kichakani, karibu na mahali boti zinapoegeshwa. Nikafurahi sana, kisha mgeni mmoja akaniambia siye. Je, kweli siye? Nakosea wapi? Tena nataka kuwapeleka wanafunzi wa klabu yetu ya mazingira. Niwapeleke mwezi gani, na tununue darubini ya aina gani?"

Mwalimu, pokea salamu. Nianze na yule wa kichakani maana jibu lake ni fupi: yaelekea mgeni wako alisema kweli. Upande wenu wa ziwa kuna gonoleki wa aina mbili, na wote wana mgongo mweusi na kifua chekundu cha kuwaka. Gonoleki kichwa-cheusi hukaa vichakani na hata kwenye miti ya bustani mjini, na huonekana mchana kweupe bila shida. Gonoleki wa mafunjo haachi mafunjo yake. Ukijaliwa sekunde mbili za kumtazama, usizipoteze kwenye kifua, kwa sababu kifua hakitakuambia lolote. Tazama utosi na bawa. Wa mafunjo ana utosi wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na bawa lake jeusi limepigwa mstari mweupe. Mwenzake ni mweusi tii kuanzia mdomo hadi mkia, hana dhahabu utosini wala weupe bawani. Wengi waliorudi kutoka Dunga wakisema "nimemwona" walimwona huyo wa kichakani, kwa hiyo usijione mjinga.

Sasa hili la kumsikia tu. Nahodha hakudanganyi, ndege yupo, tena pengine yuko mita kumi kutoka mnapopita. Lakini fikiria makazi yake. Mafunjo yaliyokomaa hufika mita nne au tano kwenda juu, na mabua yake yamesongamana kiasi kwamba macho yanapenya hatua moja tu, baada ya hapo ni kijani tupu. Chini yake mara nyingi hakuna ardhi, ni utando mnene wa mizizi na mabua yaliyooza unaoelea juu ya maji. Humo ndani gonoleki anapata wadudu wa kula, mahali pa kujenga kiota na maficho dhidi ya mwewe. Hana shida ya kutoka nje kukupungia mkono. Mambo mawili tu humleta ukingoni: ubaridi wa alfajiri, anapopanda juu ya mabua kulia na kuota jua, na pengo lililo mbele yake ambalo ni lazima alivuke ili afike upande wa pili.

Hapo ndipo saa nne inapokuangusha. Kisumu jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na muda wenye thamani ni kuanzia hapo hadi saa mbili na nusu hivi. Watu husema ni kwa sababu ndege huamka mapema, na ni kweli, lakini ziwani kuna sababu nyingine ambayo ni wachache wanaoitaja, nayo ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi, upepo unageuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Kufikia saa nne au saa tano vichwa vyote vya mafunjo vinayumba. Na kitu unachokitafuta kwenye mafunjo, kabla hujamwona ndege mwenyewe, ni bua moja linalotikisika huku mengine yametulia. Yakitikisika yote, huna tena alama ya kufuata. Unaweza kuwa na darubini bora kuliko zote duniani na usione kitu.

La pili ni boti yenyewe. Boti inayotembea sambamba na ukuta wa mafunjo humnyamazisha kila aliye karibu na humsukuma ndani zaidi. Zaidi ya hayo, unakuwa unatazama ukuta uliofungwa. Mwambie nahodha azime injini mapema, amalizie kwa kasia au pondo, kisha aingize boti kwenye mdomo wa mfereji, yaani pale mafunjo yanapokatika na kuacha njia ya maji yenye upana wa mita tano au kumi. Shikeni mabua mawili boti isielee, mtulie hapo. Jua liwe mgongoni mwenu. Utazame mfereji wote kwa urefu wake, siyo ukuta ulio mbele ya pua yako. Kila ndege anayetaka kwenda ng'ambo atavuka mbele yako, na anapovuka huruka chini, moja kwa moja, kisha mara nyingi hutua kwenye bua la kwanza la upande wa pili na kukaa kidogo kabla ya kuzama. Huo "kidogo" ndio wakati wako. Mpe mfereji mmoja nusu saa nzima kabla hujasema twende kwingine. Najua nusu saa ndani ya boti iliyosimama ni ndefu, hasa kwa nahodha aliyezoea watalii wanaotaka kuona viboko na kurudi, kwa hiyo mkubaliane mapema, kabla hamjapanda.

Sehemu nyingine nzuri ni pale wasukaji wa mikeka na vikapu walipokata mafunjo. Wapenda ndege wengine hukasirika wakiona mafunjo yamekatwa. Mimi sioni tatizo katika kipande kidogo kilichokatwa kwa panga, kwa maana mafunjo huchipua tena, na ukingo mpya uliobaki hukupa dirisha la kuchungulia ndani. Kinachowamaliza ndege hawa ni kuchoma eneo kubwa kwa mara moja na kukausha kinamasi kwa ajili ya mashamba. Waulize wakataji wenyewe ni wapi wamewasikia gonoleki juma hilo. Wanashinda humo, na watakupa jibu ambalo hutalipata kitabuni.

Masikio nayo yana kazi. Gonoleki huimba wawili wawili: mmoja hupiga mluzi mnene wa kujirudia, mwenzake hudakia papo hapo kwa sauti nyingine kavu zaidi. Wanapokezana haraka kiasi kwamba mgeni hudhani ni ndege mmoja. Ukishajua ni wawili, usikimbilie kuelekeza darubini. Elekeza kidole kwanza. Mkono mmoja kwa wa kwanza, mkono wa pili kwa mwenzake, macho yakiwa kati ya mikono. Wakiimba tena, ona kama mikono imesogea. Jozi inayokula hutembea, na mara nyingi hutembea kuelekea upande mmoja. Ukiona mikono yako yote miwili inahamia kushoto, mwombe nahodha asogeze boti kushoto mbele yao, kwenye pengo linalofuata, mkawasubiri huko. Mwanafunzi mwenye masikio mazuri hufanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima, na humpa jambo la kufanya badala ya kuuliza tunarudi saa ngapi.

Utashawishiwa kutumia simu kupiga rekodi ya sauti yake. Ni kweli inafanya kazi: gonoleki akisikia sauti ya mwenzake ndani ya eneo lake hutoka kwa hasira kumtafuta mvamizi. Lakini mfikirie huyo anayefanyiwa hivyo kila Jumamosi na kila kikundi kinachofika, tena Dunga, mahali padogo panapofikika kwa urahisi kutoka mjini. Anaacha kula, anaacha kiota, anazunguka akimtafuta adui asiyekuwapo. Mimi sipigi rekodi Dunga, na naomba klabu yenu isianze. Sikilizeni rekodi nyumbani au darasani siku chache kabla, mpaka kila mmoja aijue sauti. Mkifika huko simu zinyamaze.

Ukikaa mdomoni mwa mfereji namna hiyo, gonoleki hatakuwa peke yake. Kuna kundi dogo la ndege ambao maisha yao yamefungwa kwenye mafunjo, na Dunga ina kadhaa. Yupo shoro mabawa-meupe, mweusi-kahawia, mdogo, mgumu kumwona kuliko hata gonoleki, ila wimbo wake hausahauliki: unaanza polepole, unaongeza kasi, kisha mwishoni unasikia mabawa yenyewe yakipigwapigwa. Yupo chiriku wa mafunjo, wa kijani-njano mwenye michirizi na mdomo mfupi mnene, ambaye husimama juu kabisa ya vichwa vya mafunjo na huonekana bila taabu, lakini watu humpita wakidhani ni kwera jike. Kwera wenyewe wapo wengi na vijumba vyao vimening'inia juu ya maji. Na yupo shore-mafunjo wa njano, mpole, mdogo, ambaye sitaki kukuahidi. Mkitaka kuwatafuta hao wote mahali penye nafasi zaidi, kinamasi cha Yala ni kikubwa mno kuliko Dunga, na ukingo wa Ziwa Kanyaboli una mifereji ya kutosha. Huko pia kuna nzohe, yule paa wa kwenye maji, ingawa kumwona ni bahati.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza. Kwa barua yako naona umekwenda mara nne ukitazama mafunjo tu. Geuza shingo kidogo, utazame pale mafunjo yanapokutana na magugumaji na mayungiyungi. Hapo ndipo penye ndege walio wazi, na kwa wanafunzi ndipo pa kuanzia.

Chukua sile-maridadi, yule wa rangi ya kahawia iliyokolea anayetembea juu ya majani yanayoelea. Mtazame miguu. Vidole vyake ni virefu kupita kiasi, na kila anapokanyaga uzito wake unasambaa kwenye jani zima, kwa hiyo jani linazama kidogo tu na yeye anakuwa ameshahamia jingine. Ukiona mmoja mkubwa na mwingine mdogo, mkubwa ni jike. Jike huwa na madume kadhaa katika eneo lake, huwatagia, na kazi ya kuatamia na kulea humwachia dume. Kukitokea hatari, dume huinama, huwakumbatia vifaranga chini ya mabawa na kuondoka nao. Ukimwona kwa darubini wakati huo utaona miguu mirefu myembamba ikining'inia chini ya bawa, mingi kuliko miguu miwili ya ndege mmoja, na kwa muda hutaelewa unatazama kitu gani. Wanafunzi wenu hawatalisahau hilo.

Ukingoni hapo hapo, alfajiri, hutoka ndege mweusi mdogo mwenye mdomo wa kijani-njano na miguu myekundu, anatembea akichezesha mkia. Huyo ni kukuziwa mweusi. Akihisi mtu hurudi mafunjoni mbio, lakini ukiwa umekaa kimya hupita karibu nawe kana kwamba hupo.

Kanuni ninayoitumia mimi kwenye ardhioevu yoyote, iwe Dunga, Naivasha au bonde la Kilombero kule Tanzania, ni kuanza na maji kabla ya ndege. Uliza: maji yana kina gani hapa, na kina hicho kinamfaa nani? Ndege wa majini wamegawana kina. Penye maji ya kina kirefu watakuwa mnandi na mwari, wanaozamia au kuogelea. Maji yanayofika magoti ya mtu ni ya korongo na koikoi wakubwa. Korongo mdomo-njano hutumbukiza mdomo ukiwa wazi kidogo, hutikisa tope kwa mguu mmoja, na samaki anayekurupuka akiugusa mdomo, unafunga. Hawindi kwa macho, anawinda kwa mguso, ndiyo maana anaweza kula hata kwenye maji machafu. Yangeyange mdogo naye hutikisa tope kwa mguu, ila yeye anatazama. Mguu wake ni mweusi na vidole ni vya njano, na anapovitikisa majini utaviona wazi. Penye tope lenye maji kiasi cha kidole watakuwa kwarara na vitwitwi. Tope tupu ni la kiluwiluwi (ndege, si mtoto wa chura). Ukishayasoma maji hivyo, hutatazama tena kundi la ndege mia ukachanganyikiwa, utatazama mistari minne au mitano, na kila mstari una watu wake.

Na usimdharau mdiria mweusi-mweupe kwa kuwa yuko kila mahali. Ni ndege ambaye mtoto anaweza kutofautisha dume na jike mara ya kwanza: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Husimama hewani akipiga mabawa huku kichwa kimetulia kabisa, kisha huanguka majini. Hapo kwenu hula omena sana. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, na mwaka 1980 akachapisha jambo la ajabu: jozi huwa na madume wasaidizi wanaoleta samaki kiotani. Msaidizi aliye mwana wa jozi hiyo hukubaliwa kote. Lakini dume mgeni asiye na undugu, Naivasha hufukuzwa, na Ziwa Victoria hupokewa, kwa sababu Ziwa Victoria kupata chakula ni kugumu zaidi na wazazi wawili peke yao hawatoshelezi vifaranga. Simulia hilo kwenye boti wakati wa kusubiri gonoleki, nusu saa itapita upesi.

Kuhusu vitwitwi, wale wadogo wa kijivu na kahawia wanaofanana wote, ushauri wangu ni kutojaribu kuwajua wote. Jifunze watatu. Yule anayetikisa makalio juu chini bila kupumzika, mwenye weupe wa kifua unaopanda kama kabari mbele ya bawa, ni kitwitwi wa kawaida, na akiruka hupita chini juu ya maji kwa mapigo mafupi yaliyokakamaa. Yule mwenye mgongo wa madoadoa, unyusi mweupe ulio wazi na miguu ya njano-njano ni kitwitwi madoa, na akiruka unaona kiuno cheupe. Yule mdogo kuliko wote, mwenye miguu myeusi, anayedonoa haraka bila kuinua kichwa, ni chekeamwezi mdogo, ana uzito wa gramu 25 hivi na amefika kutoka kaskazini kabisa ya Ulaya na Asia. Ukiwajua hao watatu, mwingine yeyote utamwona kwa kuwa hafanani nao. Majina ya Kiswahili ya ndege hawa hutofautiana kati ya kitabu na kitabu, kwa hiyo kwenye daftari andikeni na jina la kisayansi.

Mwezi gani? Kwa gonoleki na wenzake wa mafunjo, mwezi wowote, hawahami. Kwa vitwitwi na wageni wengine wa kaskazini, wa kwanza huanza kufika Agosti na wengi huwa wameondoka kufikia mwishoni mwa Aprili. Ningekuambia Januari au Februari: wageni wapo, mvua za masika hazijaanza, na asubuhi ziwa huwa tulivu. Januari pia ndiyo wakati wa sensa ya ndege wa majini inayofanyika katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, na wanaohesabu huhitaji watu wa kuandika na kushika orodha. Klabu ya shule inaweza kuomba kushiriki.

Lakini mwezi peke yake hautoshi, na hapa narudia habari ya maji. Vitwitwi wanahitaji tope. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavuka hata rekodi ya 1964, fukwe zikazama pamoja na nyumba, na tope lililokuwa chakula cha ndege hao likawa chini ya maji. Aliyekwenda Januari nzuri kabisa yenye maji ya namna hiyo hakukuta tope wala vitwitwi. Nakuru ni hivyo hivyo. Ziwa lilipojaa miaka ya 2010, chumvi yake ilipungua, mwani ambao heroe (flamingo) mdogo huula ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingine. Watalii waliofika wakiwa na picha za kalenda za zamani walidhani heroe wamekufa. Walikuwa wamefuata chakula. Kwa hiyo kabla ya kupanga safari, ulizia hali ya maji kuliko unavyoulizia tarehe.

Wanafunzi watakuuliza pia habari za korongo domokiatu, yule mkubwa wa kijivu aliyejaa kwenye video za mtandaoni. Waambie ukweli mapema: si ndege wa Dunga. Aliye karibu nanyi ni wa Mabamba, Uganda, upande wa pili wa ziwa hili hili, kinamasi kilichoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu. Huko anakula samaki aitwaye kamongo, na kwa kumsubiri kamongo apande kuvuta hewa anaweza kusimama bila kusogea muda mrefu kuliko uvumilivu wa watalii wengi.

Darubini: 8x42, mwalimu, na mtu asikushawishi vinginevyo. Nambari ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wauzaji husifia 10 au 12 kwa kuwa inavuta zaidi, lakini inavuta na mtikisiko pia. Kwenye boti, 10 inakupa ndege anayecheza ngoma. Tena 8 inaonyesha eneo pana zaidi, na kwa ndege anayevuka mfereji kwa sekunde mbili, upana ndio unaomkamata. Lenzi ya 42 inaingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Zile ndogo za 8x25 ni nyepesi mfukoni lakini saa kumi na mbili na nusu kwenye kivuli cha mafunjo zinakuonyesha giza. Zile za kuzungusha ukuzaji kutoka 8 hadi 24 ziache dukani. Kwa klabu, bora darubini tatu nzuri za kupokezana kuliko kumi mbovu. Na kabla ya safari wafundishe uwanjani: macho yabaki kwenye ndege, darubini iletwe machoni, macho yasishuke kuitafuta darubini. Asiyejua hilo atamkosa kila ndege.

Sasa safari yenyewe. Usipakie darasa zima. Watano au sita kwa boti, boti mbili zisizokaribiana, waliobaki wakae nchi kavu na orodha ya ndege wa ufukweni, kisha mbadilishane. Kila mmoja avae jaketi la kuelea lililofungwa sawasawa, hata anayejua kuogelea. Mtoto asishuke kutembea juu ya mafunjo, kwani yanaonekana imara kumbe chini ni maji. Wasiingie majini pembezoni, kichocho kipo. Viboko nao wapo: asubuhi hurudi majini kutoka malishoni kupitia njia zao zile zile, na nahodha anazijua, kwa hiyo yeye ndiye achague mfereji wa kusimama hata kama si ule unaoutaka.

Daftari liwe moja kwa kila wawili. Andikeni saa mliyoanza, hali ya upepo, kina cha maji, kisha ndege kwa mpangilio mliowapata, wa kusikika wakiwekewa alama ya sikio. Mkikaa angalau saa mbili na kufuata mpangilio huo, orodha yenu inafaa kutumwa kwenye mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Humo ndege aliyesikika anahesabika sawa na aliyeonekana, mradi mna hakika na sauti. Maana yake ni kwamba zile safari zako nne, kama ungekuwa umeandika, tayari zingekuwa na gonoleki ndani yake.

Siku moja kabla ya kuondoka mpigie nahodha simu. Muulize maji yamefika wapi, magugumaji yameziba mifereji gani, na viboko wamelala upande upi. Magugumaji husukumwa na upepo, na mfereji uliokuwa wazi jana unaweza kuwa umefungwa leo. Akikuambia msubiri wiki ijayo, subirini.